Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu: fomu zenu hazina safu ya mtoto

Kwenu mnaopanga, mnaogharimia na mnaokagua elimu ya watoto wenye ulemavu,

YAH: KUJUA KAMA ELIMU MAALUMU INAMFUNDISHA MTOTO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Kazi hii nina miaka 17 nayo, na fomu zenu nimezijaza mpaka nyingine naweza kuzisema kwa kichwa. Mnataka kujua wanafunzi waliosajiliwa ni wangapi, wavulana kwa wasichana, na kila mmoja ana ulemavu gani. Mnataka idadi ya viti mwendo, idadi ya mashine za nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na ngapi kati ya mashine hizo ni mbovu. Mnataka saa ambazo mtoto amekaa na mtaalamu wa usemi kila wiki. Juzijuzi mmeongeza na safu ya walimu waliohudhuria semina. Yote hayo nayajaza bila kinyongo. Lakini kwa miaka yote hii sijawahi kukuta safu inayouliza: mtoto huyu anaweza nini leo ambacho mwaka jana hakukiweza?

Barua hii ni ya kuiombea nafasi safu hiyo.

Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nimekuja kulaumu tu. Kila mwanafunzi wetu ana mpango wake binafsi wa elimu. Unaandikwa mwanzoni mwa mwaka, mwalimu anasaini, mzazi anasaini, mkuu wa shule anagonga muhuri, unaingia kwenye faili. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mvulana mwenye mtindio wa ubongo. Hasemi, na mikono yake humpeleka asikotaka. Kwenye kipengele cha kusoma nikamwandikia lengo: atatambua herufi 10 za alfabeti. Mwaka uliofuata nikaandika lengo lilelile. Wa tatu, vilevile. Niseme ukweli, sikuandika, nilinakili. Wanafunzi walikuwa wengi, fomu zilikuwa na tarehe ya mwisho, na hakuna aliyewahi kuniuliza imekuwaje lengo la mwaka huu likafanana na la mwaka jana mpaka mkato. Mkaguzi alipokuja alitaka kuona kama mpango upo. Upo. Saini zipo? Zipo. Akaweka alama ya vyema, akaenda darasa jingine.

Kisha akaletwa kwetu binti mmoja kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuja na kipande cha plastiki angavu, akabandika herufi kwenye pembe zake, akakiinua kati ya uso wake na uso wa yule mvulana, akawa anafuata macho yake. Haikufika saa moja. Mtoto alizijua herufi zote. Si 10, zote. Alipoulizwa jina la dada yake linaanza na herufi gani, aliitazama mara moja bila kusita, kisha akageuza macho akanitazama mimi.

Sijui alizijua tangu lini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwa karatasi mtoto yule alikuwa anahudumiwa vizuri kabisa. Mahudhurio yake yalikuwa mazuri, kiti mwendo alikuwa nacho, mazoezi ya viungo alifanyiwa mara mbili kwa wiki, mpango wake ulisainiwa kila mwaka. Mngeulizwa kama huduma zilimfikia mngejibu ndiyo, na msingekuwa mmesema uongo. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza swali kwa njia ambayo angeweza kulijibu.

Laiti ningekuwa peke yangu. Kisa kinachofanana na hicho kimewahi kufika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mtoto mmoja mwenye usonji, wa jimbo la Colorado, alikuwa anaandikiwa malengo yaleyale mwaka hadi mwaka. Alipokaribia darasa la tano na mpango mpya ukaletwa ukiwa umefanana na ya nyuma, wazazi wake walimhamishia shule binafsi, na huko akaanza kupiga hatua. Wakadai warudishiwe gharama. Mahakama za chini ziliwakatalia, zikisema sheria inatimizwa hata faida anayopata mtoto ikiwa ndogo, ili mradi imezidi sifuri. Mwezi Machi 2017 majaji wote 8 wa Mahakama Kuu waliukataa msimamo huo. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mtoto anayepewa mpango wa kumsogeza kidogo namna hiyo kila mwaka hawezi hata kusemwa kwamba amepewa elimu.

Tazameni tarehe zake. Sheria iliyowapa watoto hao haki ya kuingia shule za umma ilipitishwa mwaka 1975, wakati zaidi ya watoto milioni 1 wenye ulemavu nchini humo walikuwa wamefungiwa nje kabisa. Imechukua miaka 42 kutoka swali la kama mtoto ameingia darasani hadi swali la kama anajifunza kitu cha maana humo ndani. Na hiyo ni nchi yenye fedha, mawakili na wazazi wanaojua njia ya mahakamani. Kwingi duniani bado tuko mlangoni, tunahesabu vichwa.

Sidharau kuhesabu vichwa. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240. Ilieleza pia kwamba, wakilinganishwa na watoto wasio na ulemavu, uwezekano wa kuwa hawajawahi kabisa kwenda shule uko juu kwao kwa asilimia 49, na uwezekano wa kuwa na stadi za msingi za kusoma na kuhesabu uko chini kwa asilimia 42. Takwimu ya kwenda shule inazungumzwa kila palipo na mkutano na maikrofoni. Ya kusoma na kuhesabu huachiwa sisi walimu, nasi tunaiacha kwenye faili.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua baadhi yenu mnajiuliza faraghani: hivi elimu maalumu inafanya kazi kweli, au ni gharama tu tunayoilipa kwa sababu ya huruma?

Swali ni halali, wala msiogope kuliuliza. Ila jihadharini na namna ya kulijibu. Ukichukua alama za wanafunzi wanaopata huduma ukazilinganisha na za wasiopata, utakuta wanaopata wako nyuma. Kuna watafiti Marekani walijaribu kuwalinganisha watoto wanaofanana kwa mambo mengi yanayopimika, wakachapisha mwaka 2010, na waliona kuwa waliopewa huduma hawakuwa mbele ya wenzao katika kusoma na hesabu. Pengine walikuwa nyuma. Mtu mwenye haraka angesema funga vitengo vyote. Lakini ulinganisho huo ni sawa na kuwapanga waliolazwa hospitalini upande mmoja na walioko majumbani mwao upande wa pili, ukaona waliolazwa ndio wanaoumwa zaidi, ukahitimisha kwamba hospitali huleta maradhi. Aliyepelekwa kitengo maalumu alipelekwa kwa sababu mwalimu wake aliona kitu, na kitu hicho mara nyingi hakipo kwenye takwimu za mtafiti.

Njia ya haki ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe. Ndivyo walivyofanya watafiti waliowafuatilia wanafunzi wa shule za umma za jiji la New York wenye matatizo mahususi ya kujifunza, kabla na baada ya kuanza kupata huduma, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Wanafunzi walipanda baada ya kuingizwa kwenye elimu maalumu, na waliopanda zaidi ni walioanza wakiwa madarasa ya chini. Kwa hiyo huduma inaweza kumsaidia mtoto, tena sana. Ila ukitumia kipimo kibovu, faida hiyohiyo itaonekana hasara.

Na kuna kilichotokea Texas, Marekani, ambacho ningependa kila mmoja wenu akiweke mezani pake. Mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya jimbo hilo iliweka kigezo cha ukaguzi: wilaya ya shule ikiwa na zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu, inahesabiwa ina kasoro. Wakati huo jimbo zima lilikuwa karibu asilimia 12. Mnajua kilichofuata, kwa kuwa nyinyi ni wasimamizi na mnazijua tabia za wanaosimamiwa. Ulemavu haukupungua hata kidogo, ila idadi ilishuka mpaka ikagota palepale palipotakiwa. Watoto walikataliwa kupimwa, wengine walitolewa kwenye huduma walizokuwa nazo. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipiga marufuku ukomo huo, na Januari 2018 serikali kuu ikatamka kwamba Texas ilivunja sheria. Baadaye wachumi waliowafuatilia watoto walioondolewa waligundua kwamba uwezekano wao wa kumaliza sekondari na kuendelea na chuo ulishuka vibaya.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu mbili, na moja ni dhidi ya ombi langu mwenyewe. Kwanza, kinajibu lile swali la faraghani, kwa kuwa huduma ilipoondolewa, maisha ya watoto yaliharibika. Pili, kinaonya kwamba namba yoyote mtakayoikazia macho, sisi wa chini tutaitengeneza ifanane na mnavyotaka. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, lakini sisi tunajua kumvisha ng'ombe siku ya mnada aonekane amenenepa. Nitarudi kwenye hatari hii.

Kabla ya hapo niseme juu ya msaada unaoonekana kwa macho, kwani mwapenda kuuonyesha. Mwalimu msaidizi anayekaa ubavuni mwa mtoto ni picha nzuri sana. Mgeni akiingia darasani anaona moja kwa moja kuwa mtoto hajasahauliwa. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa walimu wasaidizi, ripoti ikatoka mwaka 2009, na matokeo yaliwashtua wengi: wanafunzi waliopewa msaada mwingi zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliopewa mdogo, hata baada ya kuzingatia walianzia wapi na walikuwa na mahitaji gani. Sababu haikuwa uzembe wa wasaidizi. Kadiri msaidizi alivyokaa karibu, ndivyo mwalimu mwenyewe alivyokaa mbali. Mtoto mwenye uhitaji mkubwa zaidi wa kufundishwa alikuwa anafundishwa na mtu aliyepewa maandalizi madogo zaidi, ambaye mara nyingi hakuonana na mwalimu kabla ya kipindi, na ambaye alijali kazi imalizike kuliko ieleweke.

Nimeyaona hayo darasani kwangu. Msaidizi mwenye moyo mzuri hushika mkono wa mtoto, mkono unaandika, daftari linajaa. Mzazi anafurahi, mkaguzi anafurahi. Mwezi mmoja baadaye msaidizi akaugua, mtoto akakaa na kalamu mkononi akisubiri mkono mwingine uje umshike. Sijasema muwaondoe. Wapeni mafunzo, wapeni nusu saa kila siku ya kukaa na mwalimu, halafu muulize mtoto anaweza nini wakiwa hawapo.

Kuhusu ugomvi wa mtoto asome wapi, shule ya jirani au shule maalumu, nitapita haraka, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu umekula muda wetu mwingi mno. Kama haki, jambo limekwisha kuamuliwa: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 24 ziwe na mfumo wa elimu jumuishi. Italia ilifuta madarasa maalumu tangu mwaka 1977, na hivi leo karibu watoto wake wote wenye ulemavu wako shule za kawaida. Naunga mkono. Lakini mwaka 2022 ilichapishwa tathmini iliyokusanya tafiti nyingi za jambo hili, nayo haikuona kwamba kumhamishia mtoto darasa la kawaida, kwa wastani, kunapandisha au kunashusha alama zake. Mimi nausoma wastani huo hivi: wako waliopanda na wako waliozama, tukawajumlisha wakatoka sifuri. Kumhamisha mtoto chumba ni amri ya siku moja. Kumfundisha humo chumbani kunataka mwalimu aliyeandaliwa, kitabu anachoweza kukisoma, lugha anayoielewa, na mtu wa kufuatilia.

Lugha hasa. Hapa sitapita haraka.

Mwaka 1880 wakuu wa elimu ya viziwi walikutana kwenye kongamano la kimataifa mjini Milan, Italia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kuzungumza, na lugha ya alama iondolewe madarasani. Wajumbe walikuwa 164, na karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Kwa miongo mingi baada ya hapo, katika nchi nyingi, watoto viziwi walikatazwa kutumia mikono yao wakaketishwa mbele ya kioo kujifunza kuumba midomo. Wengi walimaliza shule wakiwa na maneno machache ya kutamka, na kichwa kisichopewa nafasi ya kujifunza kingine chochote. Kongamano hilohilo la kimataifa lilipokutana Vancouver mwaka 2010 lilitangaza kuyakataa maazimio ya Milan na kusikitika kwa madhara yake. Miaka 130! Na katika miaka hiyo yote huduma ilikuwepo: majengo, walimu, ratiba, ukaguzi.

Watu wasioona nao wana kisa chao. Mwanzoni shule yao ya Paris iliwafundisha kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi nzito. Mwalimu anayeona alizipenda, maana naye aliweza kuzisoma. Kidole hakikuzipenda. Louis Braille, mwanafunzi wa shule hiyohiyo, alichapisha mfumo wake wa nukta mwaka 1829, na wanafunzi wakaupokea kwa kuwa ulikubaliana na vidole vyao. Wakubwa wa shule waliuidhinisha rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Kila ninaposikia kikao kimechagua kifaa kwa ajili ya watoto wangu bila mtoto hata mmoja kukishika, namkumbuka kijana yule wa Paris.

Ndiyo maana nasema kipimo chenu lazima kipitie kwa mtoto mwenyewe. Mtoto kiziwi aliyetahiniwa kwa mdomo mmempima usikivu wake. Hamjapima akili yake. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, aliyepewa swali la sayansi la maandishi bila kusomewa amejibu mtihani wa kusoma. Mwenye uoni hafifu aliyepewa karatasi yenye maandishi madogo ametahiniwa macho, na yule mwanafunzi wangu wa macho na herufi angetahiniwa mikono. Halafu alama hizo zinapanda ngazi hadi kwenu na kuitwa ufaulu.

Kuna na suala la lini kuanza. Kwa watoto wenye tatizo la kusikia wataalamu wana kanuni fupi: mtoto achunguzwe kabla hajatimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, huduma ianze kabla ya miezi 6. Haikutungwa kwa kupendeza masikio. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliofanyika Colorado, ulionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kwa kiasi kikubwa kuliko waliogunduliwa baadaye. Mimi huletewa watoto wa miaka 7, 8, wengine 9, ambao hawana lugha yoyote, si ya mdomo wala ya alama. Nitafanya niwezalo. Lakini msinipime mimi na yule aliyempokea mtoto akiwa na miezi 6 kwa rula moja, kisha mkasema elimu maalumu imeshindwa.

Najua mtanijibu nini. Mtasema, mwalimu, huyu mwenye ulemavu mkubwa wa akili utampimaje? Hatafika kwenye mtihani wa taifa. Ni kweli, hatafika. Lakini mwaka jana alikuwa akiumwa tumbo analia mpaka alale, na mwaka huu anashika mkono wa mtu na kuuweka pale panapouma. Hatua hiyo naiandika kwenye safu gani ya fomu zenu? Hakuna. Kwa hiyo kwa hesabu yenu mwaka wake mzima ni sifuri, na mwalimu aliyemfundisha hivyo kwa miezi 8 hajafanya kitu. Wapo pia watoto ambao maradhi yao yanawarudisha nyuma kila mwaka, na kwao kubaki walipokuwa ni ushindi uliotolewa jasho. Mama zao wanalijua hilo. Fomu haijui.

Mtasema pia kwamba tukiweka safu hiyo walimu wataandika malengo mepesi ili waonekane wamefaulu. Sawasawa kabisa. Nimewapa Texas kwa mkono wangu mwenyewe, siwezi kujifanya sikuiona. Ndiyo sababu naomba safu hii isifungwe kwenye mshahara wa mwalimu wala kwenye ruzuku ya shule, na isitumike kupanga shule kwa nafasi kama timu za mpira. Iwe ya kusomwa na mtu. Kila mtoto awe na ushahidi mdogo wa mwanzo wa mwaka na wa mwisho wa mwaka, iwe karatasi, picha au video fupi, na mzazi aulizwe peke yake nyumbani ameona nini. Mzazi ni mkaguzi ambaye hamjamwajiri. Hadanganyiki na daftari lililojaa, kwa kuwa jioni anakaa na mtoto huyo na hakuna mkono wa msaidizi. Naye mtoto aulizwe, kwa mdomo, kwa alama, kwa picha, kwa macho. Malengo mawili ya miaka miwili yakifanana neno kwa neno, faili hilo lirudishwe kwa mwalimu na swali moja: kwa nini? Mimi ningeulizwa hivyo mwaka ule wa pili, yule mvulana asingenisubiri mwaka wa tatu.

Hayo yote yanahitaji muda, na muda ni fedha. Sina la kuwafundisha kuhusu fedha, ila nakumbusha kwamba hata Marekani, mwaka 1975, serikali kuu iliahidi kubeba hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, na haijawahi kuufikia mzigo huo hata mwaka mmoja. Ahadi za namna hiyo mnazo nyingi. Ninachoomba kwa sasa ni kidogo: siku mbili za kupima mwanzoni mwa mwaka na siku mbili mwishoni, bila vipindi, na mzipunguze fomu nyingine ili siku hizo zipatikane. Ile ya mashine mbovu za nukta nundu mnaweza kuanza nayo. Nimeijaza mara 17 na mashine bado ni mbovu.

Nimeambatisha mpango wa mwaka huu wa yule mwanafunzi, jina nimelifuta, na mzazi wake ameridhia. Kwa kuwa safu ninayoizungumzia haipo, nimeichora pembeni kwa kalamu na rula. Mtaona nimeandika kwamba mwaka jana alikuwa kwenye herufi, na sasa anaunda maneno yake mwenyewe kwa macho, moja baada ya jingine, ubao ukiwa umeshikwa na mtu yeyote mwenye subira. Sentensi yake ya kwanza kamili ilimchukua karibu dakika 10. Alikuwa ananilalamikia kwamba ninaongea haraka mno.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa elimu maalumu